Nywele za Mwili wa Mwanamke: Lililo Sunna na Lililo Ada



Tumeletewa suala na mama mmoja wa hapa Kaloleni, Voi, naye ameomba lijibiwe katika jarida hili bila ya kutajwa jina lake. Binti yake aliolewa baada ya Ramadhani. Siku chache kabla ya harusi aliletewa somo wa kumtengeneza: kumsinga, kumtia hina na kumwondoa nywele za mwili. Somo alipoona kuwa miguu na mikono ya binti ina malaika mengi, na juu ya mdomo pana sharubu nyembamba, alitoka akawaeleza wenziwe. Neno likapita nyumba hata nyumba mpaka likawafikia wakwe. Leo wako wasemao ya kuwa mwanamke mwenye nywele miguuni ana asili ya kijini, kama alivyokuwa Malkia wa Sabaa, na kwamba mume ana haki ya kuivunja ndoa kwa kuwa alifichwa aibu. Binti amerejea kwa mamake. Hali akashiba, wala hatoki nje. Mama auliza: Je, dini yasemaje?

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona si adabu kuyaandika mambo haya. Nasi twawajibu kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Haya iliyo njema ni ile imzuiayo mtu na dhambi. Ama ile imzuiayo na elimu, hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa, hata maneno ya barazani na ya jikoni yakakaa mahali pa Sheria. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwafunza watu wa pwani kuzipima ada zao kwa Kitabu na Sunna. Basi na tupime.

Nywele za mwili, kwa upande wa Sheria, ni za namna tatu: zilizoamrishwa kuondolewa, zilizokatazwa kuguswa, na zilizonyamaziwa.

ZILIZOAMRISHWA

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra (R.A.) ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliyataja mambo matano kuwa ni katika maumbile safi ya mwanadamu: kutahiri, kunyoa nywele za kinena, kung'oa za kwapani, kukata kucha na kupunguza sharubu. Na Muslim amepokea kwa Anas (R.A.) kwamba waliwekewa muda katika mambo hayo, wasiyaache kupita siku 40.

Kinena na kwapa ni amri kwa waume na wake sawasawa. Twalisema hili kwa makusudi, kwani wako wanaume wanaosimama kidete kuwachunguza wake zao, na wao wenyewe siku 40 zimewapita mara mbili, na harufu ya makwapa yao yawaudhi wenziwao katika safu ya sala.

Njia ya kuondoa haina dhiki. Imamu Nawawi ameeleza kuwa yafaa kunyoa, kukata kwa mkasi, kung'oa, au kutumia nura, yaani dawa ya chokaa. Naye asimulia ya kwamba Imamu Shafi alionekana akinyolewa makwapa na kinyozi, akasema kuwa ajua sunna ni kung'oa, lakini hawezi kustahimili maumivu yake. Ikiwa Imamu mwenye madhehebu yetu alijihurumia hivyo, kwa nini wasichana wetu walazimishwe kung'olewa kwa majivu huku wakilia, na kuambiwa kuwa kilio hicho ndicho adabu ya harusi? Mwenye kupenda wembe na atumie wembe. Mwenye kupenda sukari iliyopikwa kwa ndimu na aitumie. Na mwenye kununua dawa ya kupaka dukani hana lawama, maadamu haimdhuru.

Na wanaodhani kwamba kunyoa makwapa ni kuwaiga Wazungu hawana habari. Huko Marekani ni mwaka 1915 ndipo kampuni ya Gillette ilipotoa wembe maalumu wa wanawake, na matangazo ya biashara yakaanza kuwafunza kuyaonea haya makwapa yao. Mtume wetu alikuwa amekwisha kuwafunza umati wake usafi huo zaidi ya karne 12 kabla ya hapo, bila ya kumuuzia mtu kitu wala kumtia mtu haya.

ZILIZOKATAZWA

Imepokewa kwa Ibn Masud (R.A.) katika Bukhari na Muslim laana juu ya mwenye kung'oa nywele za uso na mwenye kung'olewa, pamoja na wachanjao chale za urembo na watengao meno kwa kutafuta uzuri. Wanazuoni wengi wameifahamu hadithi hii kuwa yahusu nyushi hasa. Wako katika madhehebu ya Shafi waliomruhusu mwenye mume kwa idhini ya mumewe. Lakini hadithi ni nzito, na ihtiyati ni kuziacha nyushi kama zilivyoumbwa.

Ama mwanamke aliyeota ndevu au sharubu, hukumu yake ni nyingine. Ibn Jarir Tabari alikataza zisiguswe. Imamu Nawawi akasema kuwa kuziondoa si haramu, bali kwetu sisi Mashafi ni jambo lipendezalo. Basi binti huyu, akitaka kuuondoa usharubu wake, na auondoe bila ya hofu. Wala asitishwe na wasemao kuwa wembe utazifanya ziote nene zaidi. Jambo hilo lilichunguzwa huko Marekani na Mildred Trotter, mjuzi wa maumbile ya mwili, na katika uchunguzi alioutoa mwaka 1928 alionyesha kuwa kunyoa hakuongezi unene wa nywele wala kasi ya kuota kwake. Unywele uliokatwa huwa na ncha butu, ndipo mkono ukadhani umekuwa mnene.

ZILIZONYAMAZIWA

Zimebaki nywele za mikono na za miguu. Juu ya hizi hatukuona amri wala katazo, na asili ya mambo ni uhalali mpaka ije dalili. Mwanamke akizinyoa hapati dhambi, na akiziacha hapati dhambi. Mume akipenda ziondoke, na amwambie mkewe faraghani kwa upole, na mke akimtii kwa kumpendeza ana thawabu. Lakini hapana mwenye haki ya kulifanya faradhi lile ambalo Mwenyezi Mungu hakulifaradhisha, wala kulifanya aibu lile ambalo Yeye hakuliita aibu.

Na itazamwe pia hali ya miili. Wako watu walioumbwa na malaika mengi kwa urithi wa wazee wao. Na yako maradhi ya homoni, yanayompata takriban mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa, ambayo yaweza kuleta nywele za kidevuni na kifuani, kuvuruga hedhi na kuchelewesha mimba. Mwanamke anayeona nywele hizo zikizidi ghafula, na hedhi yake ikipotea, apelekwe kwa daktari, asipelekwe kwa mganga kupungwa.

MALKIA WA SABAA

Sasa twafika kwenye kauli iliyomliza binti wa watu. Katika Sura ya Naml, aya ya 44, Kurani yasimulia kwamba Malkia aliingia katika jumba la Nabii Suleiman (A.S.), akaiona sakafu ya vioo akaidhani ni maji, akaipandisha nguo yake miguuni, kisha akaambiwa kuwa ni vioo, naye akakiri dhulma ya nafsi yake na akasilimu. Hayo ndiyo yaliyomo. Nywele hazikutajwa, wala majini hawakutajwa kuwa ni wazazi wake.

Hadithi ya kwamba mamake alikuwa jini, na miguu yake kama ya punda, na kwamba majini walimtengenezea nura ya kuondolea nywele, imeingia katika baadhi ya tafsiri. Imamu Ibn Kathir aliitaja akaikataa, akaona kuwa yaelekea kutoka kwa watu wa Kitabu. Ni ngano, nayo imeletwa penye kisa cha mwanamke ambaye Kurani imemtaja kwa akili zake, kwa kushauriana na wakuu wake na kwa kuikubali haki ilipombainikia. Tazameni, ndugu zetu, ubaya wa ngano: Mwenyezi Mungu atuelekeza kwenye imani yake, nasi twaitazama miguu yake!

JE, NDOA YAVUNJIKA?

Haivunjiki. Vitabu vya madhehebu yetu vimezihesabu aibu zimpazo mume au mke hiari ya kuifasiki ndoa, nazo ni chache na zajulikana: wazimu, ukoma, mbalanga, na kasoro za maumbile zizuiazo tendo la ndoa. Nywele za miguu na usharubu hazimo. Kwa hivyo hakuna aibu iliyofichwa, na wazazi wa binti hawakumdanganya mtu. Ndoa yake ni sahihi, mahari yake ni haki yake, na mume aliyemwacha arudi kwao kwa kusikiliza maneno ya watu amemkosea.

Na mume huyo na aisikie hadithi ya Jabir (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliporejea safarini pamoja na sahaba zake, aliwazuia wasiwaingilie wake zao kwa ghafula usiku, ili mwenye nywele timtim apate kuchana, na ambaye mumewe alikuwa hayupo apate kujinyoa. Watu huitumia hadithi hii kumkumbusha mwanamke usafi, na ni kweli imo. Lakini amri yenyewe ameelekezewa mwanamume. Yeye ndiye aliyeambiwa angoje, asimfumanie mkewe katika hali asiyopenda kuonekana nayo. Sisi wa Voi tuko juu ya njia kuu ya Mombasa na Nairobi, na wengi wetu ni watu wa malori na wa safari. Mtume aliwataka sahaba wangoje nje ya mji. Mume wa leo ana simu mkononi, na neno moja la kupiga hodi kutoka Mtito Andei au Mariakani lamtosha.

SOMO NA AMANA YAKE

Lililobaki ni la kina mama, nalo ndilo zito. Kwanza, Mtume (S.A.W.) amemkataza mwanamke kuitazama tupu ya mwanamke mwenziwe, na tupu baina yao ni kati ya kitovu na magoti. Kumsinga binti mikono na kumtia hina hakuna neno. Lakini somo kumnyoa kinena mwanamwali aliyekwisha baleghe, mwenye mikono yake mizima, ni haramu, hata ikiwa ndiyo ada ya mabibi zetu. Na amweleze kwa maneno, kisha ampe wembe, ampishe. Na uwe wembe wake peke yake, kwani wembe mmoja ukipita miili miwili waweza kuhamisha ukimwi na homa ya ini.

Pili, wembe wa somo ukiisha kazi hutupwa, lakini ulimi wake hubaki. Aya ya 11 ya Sura ya Hujurat imekataza watu wasifanyiane dharau, kisha ikawataja wanawake mbali wasiwadharau wanawake wenziwao. Na aya ya 12 ikakataza kusengenyana. Aliyeona mwili wa binti katika chumba cha ndani ameaminiwa. Akiyatoa aliyoyaona amekula amana, na maneno yake kuwa ni kweli hayamwokoi, kwani kusengenya ni kusema la kweli asilolipenda mwenyewe. La uwongo ni kuzua.

Tatu, waacheni wasichana na dhana zisizo na asili. Wako wanaofunzwa ya kuwa mwenye hedhi au janaba akiondoa unywele au kucha ni lazima aviweke mpaka aoge navyo. Baadhi ya wanazuoni walichukia kunyoa katika hali hiyo, lakini Bibi Aisha (R.A.), alipoingia hedhini katika safari ya Hija, aliamrishwa na Mtume azifumue nywele zake na kuzichana, na hapana achanaye asipukutikwe na nywele, wala hatukusikia kuwa aliambiwa azikusanye. Na Ata, katika mataabiina, alisema kuwa mwenye janaba yafaa akate kucha na anyoe kichwa.

Basi jawabu letu kwa mama muulizaji ni hili. Binti yako hana upungufu katika dini wala katika maumbile. Na aweke usafi wa kinena na makwapa kama alivyoamrishwa kila Mwislamu. Usharubu akipenda na auondoe. Miguu na mikono ni hiari yake na mapatano yake na mumewe. Mume na amfuate kwa wema, na wazee wa pande mbili waende pamoja naye. Na yule somo aende kwa binti amtake radhi, na kila nyumba aliyolipeleka neno lake alifuate akalifute, kwani haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, azisitiri aibu zetu, na azizuie ndimi zetu na aibu za watu. Amin.