GUNIA MOJA LATOSHA: KILIMO CHA MBOGA KWA MWANAGENZI

Je, umewahi kuketi chini ukapiga hesabu ya sukuma wiki? Mimi nilipiga likizo moja ya Aprili, na hesabu hiyo ikaninyima usingizi. Kila jioni Mama alikuwa akinituma kwa mama mboga na shilingi 30. Mwezi una siku 30, kwa hivyo mboga peke yake ilikula shilingi 900. Muhula uliokuwa umekwisha, dada yangu mdogo alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya shilingi 850 za chakula cha mchana. Kumbe pesa ambazo tulikuwa tukizisaka kila pembe zilikuwa zikipita mkononi mwangu kila jioni!

Sisi hatuna shamba. Tunaishi katika nyumba ya kupanga, na uwanja wetu ni ule wa kuanikia nguo. Hata hivyo, nilikata shauri kulima. Makala haya yanakueleza nilivyofanya, pamoja na makosa yangu, ili wewe usiyarudie.

Kosa langu la kwanza

Mwanagenzi wa kilimo huponzwa na tamaa. Mimi nilinunua mbegu za sukuma, spinachi, nyanya, karoti na vitunguu siku moja. Nikaomba samadi mbichi ya ng'ombe kwa jirani, ikiwa bado na unyevu wake, nikaichanganya na udongo papo hapo na kupanda kila kitu. Chache zilizoota zilinyauka kana kwamba zimemwagiwa maji moto. Zilizobaki zililiwa na kuku wa ploti. Pesa zikaenda, nikabaki kuchekwa.

Nilipomsimulia nyanya yangu (nyanya aliyemzaa mama, si nyanya za kitoweo!), alicheka kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, samadi mbichi ni moto. Iache ioze kwanza. Na wewe unataka kulima ekari kabla hujaweza gunia?" Maneno hayo ndiyo yaliyonifungua macho. Anza na gunia moja na mboga aina moja. Ukiiweza hiyo, ongeza nyingine.

Vifaa na gharama

Gunia kuukuu la kilo 90 nililinunua sokoni kwa shilingi 40. Pakiti ndogo ya mbegu za sukuma ilikuwa shilingi 50. Jumla ni shilingi 90, yaani mboga ya siku tatu tu. Vingine havikununuliwa: udongo, samadi iliyooza, mawe madogo madogo, mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia uliokatwa juu na chini, na beseni bovu la kuoteshea miche.

Tahadhari! Usichote udongo karibu na gereji, jaa la taka au mtaro wa maji machafu. Mahali kama hapo huweza kuwa na sumu ambayo mmea huinyonya nawe ukaila.

Kuotesha miche

Toboa beseni chini ili maji yasituame. Jaza udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza. Samadi iliyooza utaijua kwa macho na pua: ni nyeusi, inapukutika mkononi, haina joto wala harufu kali. Chora mistari, nyunyiza mbegu chache chache, kisha funika kwa udongo mwembamba wa sentimita 1 hivi. Weka nyasi kavu juu na unyunyizie maji kila siku. Mbegu zikianza kuchomoza, baada ya kama juma moja, ondoa nyasi hizo. Ukichelewa, miche itarefuka na kulegea kwa kukosa mwangaza.

Baada ya majuma manne hadi sita, mche ukiwa na majani manne au matano, uko tayari kuatikwa. Usipoteze mbegu zilizosalia. Funga pakiti vizuri na uiweke mahali pakavu.

Kujaza gunia

Hapa ndipo wengi hukosea, basi fuata hatua hizi:

1. Changanya makarai matatu ya udongo na karai moja la samadi iliyooza. Endelea hivyo hivyo hadi upate wa kutosha gunia.
2. Simamisha gunia mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku. Likishajaa halisogei, kwa hivyo chagua mahali vizuri. Usisahau kumwomba ruhusa mwenye nyumba.
3. Mwaga udongo kidogo chini. Simamisha mkebe katikati, ujaze mawe, kisha shindilia udongo kuuzunguka mkebe.
4. Vuta mkebe juu taratibu, mawe yabaki. Rudia mpaka gunia lijae. Sasa una nguzo ya mawe katikati, ambayo ndiyo mfereji wa kufikisha maji hadi chini. Bila nguzo hiyo, miche ya juu hunywa na ya chini hufa kiu.
5. Toboa matundu madogo ubavuni, yakipishana, kila moja likiwa mbali na jingine kama sentimita 20. Atika miche jioni jua likipungua: mmoja kwa kila tundu, na michache juu.

Mimi niliatika miche 25.

Maji na maadui

Hapa nisikufiche. Ukiwa unanunua maji, usipoangalia, faida yote itaishia kwa muuza maji. Sisi tulianza kuweka kando maji ya kuoshea mboga, mchele na matunda. Hayo hayana sabuni, na mimea huyapenda. Mwagilia kwenye nguzo ya mawe na juu ya udongo, asubuhi na mapema au jioni. Tandaza nyasi kavu juu ili jua lisiunyonye unyevu. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu, ngoja. Maji mengi pia huua.

Adui mkubwa wa sukuma ni vidukari, wadudu wadogo wanaojazana chini ya jani na kulikunja. Pindua majani kila baada ya siku mbili. Ukiwaona wachache, waponde kwa vidole au uwaoshe kwa maji. Wakizidi, koroga kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, uwanyunyizie jioni. Majani hayo uyaoshe vizuri kabla ya kupika. Kuku nao, jamani, dawa yao ni miiba au wavu.

Kuvuna na kuhesabu

Baada ya kuatika nilisubiri karibu miezi miwili. Vuna majani ya chini, yaliyokomaa, na uache yale machanga ya juu yaendelee kukua. Usikate kichwa cha mche.

Tulivuna majani mawili kwa kila mche kila juma, yaani majani 50. Yalitutosha jioni tatu. Basi tuliokoa shilingi 90 kwa juma, na gharama yote ilirudi juma la kwanza la kuvuna. Si utajiri, wala hatukuacha kwenda kwa mama mboga. Lakini nilimwomba Mama zile 90 tuziweke katika mkebe kila Jumamosi. Majuma kumi baadaye mkebe ulikuwa na shilingi 900. Januari iliyofuata dada yangu alikwenda shuleni na shilingi 850 mkononi, na 50 zikanunua mbegu za terere na kunde kwa gunia la pili. Mboga hizo mbili hukua haraka kuliko sukuma, nawe unaweza kuacha mashina machache yazae mbegu za msimu ujao.

Na matunda je?

Kama mna kipande kidogo cha ardhi, papai lafaa mwanagenzi. Mbegu zake ni bure, zimo ndani ya tunda unalokula. Zioshe mpaka ute utoke, zikaushe kivulini, uzioteshe katika pakiti za maziwa zilizotumika. (Kumbuka, mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017.) Kila shimo weka miche mitatu, kwa kuwa mipapai mingine ni dume na haizai, na hutaijua mpaka itoe maua. Hapo ubakize ule unaozaa. Sehemu za joto huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi. Karakara nayo huparamia ua bila kudai nafasi kubwa. Lakini kokwa ya avokado itakufanya ungoje miaka mingi. Afadhali mche uliounganishwa.

Tamati

Ndugu zangu, haba na haba hujaza kibaba. Usingoje kupata shamba. Tafuta gunia moja, ulitunze, kisha uandike hesabu yako kama nilivyofanya. Kalamu yangu naiweka chini, jembe silitui.

Msamiati wa bustanini
Mwanagenzi: anayeanza kujifunza kazi.
Samadi: mbolea ya kinyesi cha wanyama.
Kuatika: kuhamisha mche na kuupanda mahali pa kudumu.
Matandazo: nyasi au majani makavu yanayofunika udongo.

Zoezi
1. Kwa nini samadi mbichi haifai?
2. Eleza kazi ya nguzo ya mawe katika gunia.
3. Nyumbani kwenu mnatumia shilingi ngapi kwa mboga kila mwezi? Uliza, kisha upige hesabu.