Si kila mlio wa koo ni kimeo: Ujue uvimbe wa maji kooni

Wiki hii tuzungumzie uvimbe unaoota kooni ukajaa maji au ute, mfano wa kifuko. Kwa kawaida si saratani, na mara nyingi hauumi, ndiyo maana watu huishi nao bila kujua. Ubaya wake unatokana na mahali ulipo.

Allah (s.w.t.) ameijaalia njia ya chakula na njia ya hewa zianzie mlango mmoja. Kila unapomeza, pumzi husimama kidogo, zoloto hupanda juu (weka kidole shingoni umeze mate, utalisikia), na kidakatonge hulala kukinga njia ya hewa ili tonge lipite nyuma kwenda kwenye umio. Kifuko kikiota kati ya shina la ulimi na kidakatonge, kazi hiyo huvurugika. Mtu mzima huhisi kitu kimekwama, hakimezeki wala hakitemeki, na sauti yake huwa kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Kikipata maambukizi huvimba haraka, na hapo pumzi inaweza kuziba.

Kwa kichanga hatari ni kubwa zaidi, kwani njia yake ya hewa ni nyembamba mno. Akivuta pumzi hutoa mlio, hasa akilazwa chali, kwa kuwa kifuko huangukia nyuma. Akinyonya huachia ziwa kila mara ili aheme, hupaliwa, na uzito hauongezeki.

Hapo ndipo bibi husema mtoto ana kimeo, akapelekwa kwa mkataji. Ndugu zangu, hapa naomba tusikilizane. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na kila mwanadamu huumbwa nacho. Kifuko kiko chini zaidi, nyuma ya ulimi, hukioni hata ukimfumbua mtoto mdomo juani. Kukata kimeo hakukigusi kabisa. Kunaleta kutokwa damu nyingi na pepopunda, na wembe uliotumika kwa wengi unaweza kuambukiza virusi vya Ukimwi. Kumsomea mtoto dua ni jambo jema, lakini asomewe njiani mkielekea hospitali.

Iko aina nyingine inayoonekana kwa nje: uvimbe wa mviringo katikati ya shingo, ambao hupanda mtoto akimeza na pia akitoa ulimi nje. Huo ni mabaki ya njia iliyopitiwa na tezi ya shingo iliposhuka kutoka kwenye ulimi mtoto akiwa tumboni mwa mama yake. Usiutumbue wala kuukanda. Daktari wa masikio, pua na koo huutoa pamoja na sehemu ya kati ya kijifupa kilicho juu ya zoloto, kwa sababu ukitolewa peke yake hurudi mara kwa mara. Kabla ya upasuaji, ulizia kipimo cha altrasaundi: kwa watu wachache uvimbe huo ndiyo tezi yenyewe, na hawana nyingine.

Mtu mzima aliyepita miaka 40 akiota uvimbe ubavuni mwa shingo asijifariji kuwa ni maji tu. Achunguzwe, kwani saratani nayo hujificha hivyo.

Usisubiri asubuhi ukiona mgonjwa anatokwa udenda asioweza kuumeza, anahema kwa mlio, mbavu zinabonyea ndani, au midomo inageuka rangi ya bluu. Mbebe au mkalishe wima, usimlaze. Usimpe chakula wala kinywaji, na usimtie kijiko wala kidole kooni.

Wengi huuliza kuhusu saumu. Kumeza mate hakubatilishi funga, hata kama koo lina uvimbe. Aliyetoka kupasuliwa, na tabibu muaminifu akamwambia anywe maji mchana, afungue, na siku hizo atazilipa akipona, inshaallah.