Rubani Akitua Mbali: Kijitabu kwa Madereva na Wakazi wa Bonde la Kerio

Kuanzia Desemba hadi Machi, jua likipasha moto ukingo wa Elgeyo, marubani wa paraglaida huruka karibu na Iten na kubebwa na hewa inayopanda. Chombo chao hakina injini. Hewa hiyo ikikatika, rubani hutua popote palipo wazi: malishoni, shambani, hata uwanja wa shule. Kutua huko si ajali.

Kwa dereva

Kazi yako ya kumfuata rubani kwa gari huanza asubuhi, kabla hajaruka. Kubalianeni njia anayokusudia, namba za simu, masafa ya redio na saa ya mwisho ya kupata habari zake. Saa hiyo ikipita kimya, anza kumtafuta. Usingoje, maana saa moja jioni giza huwa linaingia.

Redio ina tabia yake. Rubani aliye angani husikika mbali sana, lakini akishatua nyuma ya kilima hamtasikilizana hata akiwa karibu. Mtake aseme anakoelekea kutua akiwa bado juu. Akishatua, atume mahali alipo kwa simu, na kama hakuna mtandao, apande penye mwinuko.

Usimkimbize barabarani. Kona za kushukia Tambach zimeua watu wasio na haraka yoyote. Akivuka upande wa Baringo, zunguka kwa daraja la Chebloch. Asithubutu mtu kuvuka Kerio kwa miguu, mto una mamba. Kabla ya kuelekea kaskazini mwa bonde, uliza wenyeji na polisi kuhusu usalama. Beba maji mengi: angani ni baridi, na rubani atakuwa amevaa makoti ndani ya joto la bondeni.

Kwa mkazi

Tazama kitambaa cha paraglaida. Kikikusanywa upesi, rubani ni mzima. Kikibaki kimetandazwa na yeye haonekani akitembea, nendeni haraka. Akiinua mikono yote miwili juu, anaomba msaada; mmoja juu na mwingine chini, hahitaji.

Akilalamika mgongo, msimwinue, msimvue kofia, msimpakie bodaboda. Hapa ndipo wema huumiza: uti wa mgongo uliovunjika unaweza kumpoozesha mtu kwa kunyanyuliwa tu. Mkingeni jua, zungumzeni naye, pigeni 999 au 112. Kamba zikinasa kwenye nyaya za umeme, kaeni mbali mpaka umeme ukatwe.

Watoto wazuiwe kukanyaga kitambaa na kuvuta kamba. Kamba hizo ni nyembamba, na maisha ya mtu yananing'inia hapo. Mazao yakiharibika, mwenye shamba na rubani wazungumze palepale, mzee wa mtaa akiwepo. Rubani mwungwana hulipa bila kuvutana. Naye mkazi asidai malipo kwa sababu tu mgeni ameshukia kwake.

Ukimwona rubani akitua na hakuna gari linalomfuata, muulize kama dereva wake anajua alipo, kisha msaidie kumweleza njia.