Je, Maji ya Kisima Kirefu Hayana Virusi?

Katika miji na vijiji vingi, maneno "kisima kirefu" yamekuwa kama hati ya usalama wa maji. Mwenye nyumba humweleza mpangaji kwamba maji ya bombani hutoka mita mia moja au zaidi chini ya ardhi, hivyo hayahitaji kuchemshwa. Mgonjwa wa kuhara anapoulizwa chanzo cha maji yake hujibu kuwa anatumia ya kisima kirefu, na aghalabu maswali kuhusu maji huishia hapo. Imani hiyo ina msingi, lakini si kamili. Makala haya yanaeleza viumbe wanaoishi katika maji ya kilindini, wale wanaoingia humo kutoka juu, na tofauti iliyopo baina yao kwa afya ya mwanadamu.

Faida ya kina

Maji ya mvua yanaposhuka ardhini hupita katika mchanga, udongo na miamba. Katika safari hiyo, vijidudu vingi hunaswa na chembe za udongo, huliwa na viumbe wengine, au hufa kwa kukaa muda mrefu nje ya mwili wa binadamu au mnyama. Kadiri safari inavyokuwa ndefu na ya polepole, ndivyo maji yanavyozidi kusafishika. Ndiyo sababu kisima kirefu kilichojengwa vema huwa salama kuliko kisima kifupi kilicho jirani na choo cha shimo. Hata hivyo, maji kusafishika si sawa na maji kutokuwa na uhai.

Wenyeji wa kilindini

Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, nchini Afrika Kusini, wanasayansi walichunguza maji yaliyokuwa yakitoka kwenye nyufa za mwamba umbali wa kilomita 2.8 chini ya ardhi. Maji hayo yalikuwa na joto la takriban nyuzi 60 za Selsiasi, bila oksijeni wala mwanga wa jua. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba karibu viumbe wote waliokuwemo walikuwa bakteria wa aina moja, aliyepewa jina la Desulforudis audaxviator. Bakteria huyo hapati riziki yake kutokana na jua. Mnururisho wa urani iliyomo mwambani huvunja molekuli za maji na kutoa hidrojeni, naye hutumia hidrojeni hiyo pamoja na salfeti kujipatia nishati.

Virusi pia vipo huko chini. Katika maabara ya Äspö nchini Sweden, iliyochongwa ndani ya mwamba mgumu, maji yaliyochukuliwa kati ya mita 69 na 450 yalikutwa na chembe za virusi kati ya laki moja na milioni kumi katika kila mililita. Takwimu hiyo inaweza kumtisha msomaji, lakini haipaswi. Virusi hushambulia tu seli zenye vipokezi vinavyooana navyo, mithili ya ufunguo na kufuli lake. Virusi vya kilindini hushambulia bakteria na vijidudu vingine vya huko huko, wala havijulikani kumdhuru binadamu. Bakteria wenyeji wa kina hicho nao wamezoea maisha yasiyo na oksijeni, na chakula chao ni kemikali za miambani. Mwili wa mtu si makazi yao.

Hivyo basi, wenyeji wa kilindini sio wanaopaswa kuhofiwa. Hatari iko kwa wageni wanaotoka juu.

Wageni kutoka juu: funzo la Madison

Mji wa Madison, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, hupata maji yake kutoka visima virefu vinavyozidi mita 200. Juu ya mwamba unaotoa maji kuna tabaka la mwamba wa udongo mgumu ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa kizuizi tosha. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwamo kwa virusi vya utumbo wa binadamu katika maji hayo, vikiwemo vya kundi la enterovirusi, ambalo virusi vya polio ni miongoni mwake. Uchunguzi uliofuata ulilinganisha virusi vya visimani na vile vya majitaka ya mji, ukaonyesha kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni mabomba ya majitaka yanayovuja, na kwamba virusi huweza kufika kisimani katika muda wa wiki hadi miezi michache.

Vilipitaje? Maji hayashuki mahali pote kwa mwendo mmoja. Hupenya haraka katika nyufa za miamba, na pia pembeni mwa kisima chenyewe endapo bomba lake limetoboka au uwazi uliopo kati ya bomba na udongo haukuzibwa kwa saruji. Pampu yenye nguvu huongeza kasi ya maji kuvutwa kuelekea chini. Isitoshe, virusi ni vidogo mno. Bakteria wa E. koli ana urefu wa takriban mikromita 2, ilhali virusi vya homa ya ini aina ya A vina upana wa takriban nanomita 30, yaani mara sitini na zaidi pungufu. Penye kumnasa bakteria, virusi huweza kupita.

Jambo la faraja ni kwamba virusi vya binadamu havizaliani ndani ya maji. Vinasubiri tu, na idadi yake hupungua siku hadi siku. Lakini giza na ubaridi wa chini ya ardhi huvirefushia muda wa kusubiri.

Mipaka ya kipimo

Upimaji wa kawaida wa maji hutafuta E. koli kama ishara ya kinyesi. Akionekana, maji si salama. Asipoonekana, hilo ni jambo jema, lakini si uthibitisho kwamba virusi havimo, kwa kuwa virusi huweza kusafiri mbali na kudumu zaidi ya bakteria huyo. Aidha, kipimo kimoja hueleza hali ya siku moja. Kisima kilichopimwa wakati wa kiangazi kinahitaji kupimwa tena baada ya mvua kubwa.

Kwa mhudumu wa afya

Jibu la "kisima kirefu" lifuatiwe na maswali mengine: kisima kiko umbali gani na choo au karo? Mdomo wake umejengewa sakafu ya saruji na kufunikwa? Tangi husafishwa lini? Maji huchotwa na kuhifadhiwaje nyumbani? Maji mengi huchafuka baada ya kutoka kisimani, ndani ya tangi, ndoo au kwa kikombe kinachochovywa.

Mjamzito apewe uzito wa pekee. Homa ya ini aina ya E, ambayo huenezwa kwa maji yenye kinyesi, huweza kuua mjamzito mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya wanne wanaoipata katika miezi mitatu ya mwisho. Mjamzito mwenye macho ya manjano apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kwa familia

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kabisa, kisha yapozwe yakiwa yamefunikwa. Kuchemsha huua bakteria na virusi. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo kilichoandikwa na kusubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza. Chujio la kauri hunasa bakteria wengi, lakini virusi huweza kulipita, hivyo lisitegemewe peke yake. Mahali ambapo maji ya ardhini yana madini ya floridi kwa wingi, kama ilivyo katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro, ikumbukwe kwamba kuchemsha hakuondoi floridi.

Kina cha kisima ni kinga mojawapo. Umbali kutoka chooni, ujenzi imara, upimaji wa mara kwa mara na kutibu maji ni kinga nyingine, na hakuna hata moja inayochukua nafasi ya zote.