Kutafuta Kiungo Kibovu: Somo la Umeme kwa Kutumia Gari Kuukuu

Mzunguko wa umeme aghalabu hufundishwa kwa betri mpya, waya mpya na balbu mpya. Taa huwaka, wanafunzi hushangilia, na somo huishia hapo. Lakini umeme ambao mtoto hukutana nao nyumbani ni wa tochi iliyoingia kutu na redio inayokatakata. Mwalimu aliyezoea vifaa visivyo na kasoro hana la kumwambia mtoto huyo. Kwa sababu hiyo yafaa mwanachuo ajizoeze kutafuta kasoro kabla hajaenda kufundisha, na gari kuukuu ni kifaa bora cha zoezi hilo.

Tuchukue mfano wa Land Rover Series III, lililoundwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Nyaya zake huonekana kwa macho, tena zina rangi maalumu: wa kahawia hutoka kwenye betri, wa buluu huenda kwenye taa kubwa, na mweusi hurudisha mkondo kwenye bodi. Sehemu kubwa ya bodi ni alumini, na chesisi ni chuma.

Madhumuni

Mwisho wa zoezi mwanachuo aweze:
(a) kueleza kwa nini kiungo kichafu hupunguza mwanga wa taa;
(b) kukitafuta kiungo hicho kwa kupima, si kwa kubahatisha;
(c) kukisafisha au kubadilisha waya kwa usalama.

Hatua ya kwanza: Kufikiri kabla ya kufungua

Taa moja kubwa inatoa mwanga hafifu. Wengi hukimbilia kubadili balbu. Mkufunzi awazuie, awaulize: mkondo unapita wapi tangu utoke kwenye betri mpaka urudi? Kila mmoja achore njia hiyo na kutia alama mahali ambapo vipande viwili vya metali hugusana. Watashangaa kuona viungo vilivyo vingi. Kila kimoja kinaweza kuwa na kasoro, hasa pale waya wa kurudi unapofungwa kwenye alumini. Alumini hujifunika utando usiopitisha umeme. Na metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, moja huliwa.

Hatua ya pili: Kupima

Tuchukulie taa ya wati 48 kwa betri ya volti 12. Mkondo wake ni ampea 4, na ukinzani wake ni omu 3. Kiungo kichafu kikiongeza nusu omu tu, ukinzani wote huwa omu 3.5 na mkondo hushuka hadi ampea 3.4. Taa hupata volti 10.3 badala ya 12, na wati 35 badala ya 48. Hesabu hii inachukulia kwamba ukinzani wa taa haubadiliki. Kwa kweli hubadilika kidogo kwa joto, lakini mwelekeo ni huo huo. Karibu wati 6 hugeuka joto ndani ya kiungo chenyewe. Ndiyo maana plastiki yake huyeyuka, na moto huweza kuzuka.

Sasa taa iwashwe, na ncha mbili za mita ziwekwe pande mbili za kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Kiungo kizuri huonyesha karibu sifuri. Kitakachoonyesha volti 1 au zaidi ndicho kibovu. Mkufunzi asisitize kwamba taa lazima iwe inawaka. Balbu ikitolewa, hakuna mkondo, na mita itasoma volti 12 hata nyuma ya kiungo kilichooza. Kiungo kibovu hujificha mpaka kipewe kazi.

Hatua ya tatu: Kusafisha na kubadilisha

1. Zima kila kitu. Fungua kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Wakati wa kurudisha, uwe wa mwisho. Kwa njia hii spana ikigusa bodi haitaleta cheche. Usiwashe moto karibu, kwani betri hutoa gesi inayolipuka.
2. Unga wa asidi kwenye vichwa vya betri usafishwe kwa maji yenye magadi. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa barabara, macho na mikono vikingwe.
3. Kiungo kisuguliwe kwa msasa laini au brashi ya waya mpaka metali ing'ae, pande zote mbili. Kikazwe, kisha kipakwe grisi kuzuia unyevu.
4. Waya mweusi ndani ukatwe mpaka shaba inayong'aa ionekane. Ukiwa umeoza wote, weka mwingine wa unene na rangi ile ile. Usitumie waya mgumu wa nyumbani wenye uzi mmoja; mtikisiko wa gari huukata.
5. Badilisha waya mmoja kwa wakati mmoja, kisha upime tena.

Kulipeleka somo darasani

Watoto wasiguse betri ya gari. Darasani zatosha betri mbili za tochi, balbu yake, waya, na misumari miwili, mmoja safi na mwingine wenye kutu. Kila kikundi kiunganishe mzunguko kupitia kila msumari na kulinganisha mwanga. Kisha mwalimu afiche kasoro moja, na wanafunzi waitafute kiungo kwa kiungo.

Hapa ndipo subira ya mwalimu hupimwa. Akikionyesha kiungo kibovu kwa kidole, somo limekwisha. Akiuliza, "Umeme umefika wapi, na umeishia wapi?" mtoto atajifunza njia ya kuifuata hata katika tochi ya nyumbani kwao.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kiungo hupimwa wakati taa inawaka?
2. Kwa nini waya wa betri unaokwenda kwenye bodi hufunguliwa kwanza?
3. Kiungo kina omu 1, na taa ni ile ile ya omu 3. Taa itapata volti ngapi?
4. Andaa kasoro tatu zisizo na hatari ambazo utaficha katika mzunguko wa tochi kwa wanafunzi wa darasa la sita.