SOMO LA WANACHAMA: DENI USILOLIFAHAMU

Madhumuni: Baada ya somo hili mwanachama aweze kulichunguza dai la deni asilolikumbuka, na kulijibu kwa maandishi bila woga na bila ukaidi.

Utangulizi

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Usemi huo ni wa kweli, na chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake hawaufuati hakidumu. Lakini dawa hunywewa na mgonjwa. Asiyeumwa akiinywa kwa kuogopa maneno ya watu hujidhuru, na anayemlazimisha kuinywa humdhulumu. Dai la namna hii huweza kumkuta mkulima wa Mang'ola siku anayouza vitunguu, au mfugaji wa Endulen anapotoka mnadani, fedha za karo zikiwa bado mfukoni.

Mfano wa kwanza

Mama mmoja, mkulima wa vitunguu, apigiwa simu na mkusanya madeni. Aambiwa kwamba alikopa kwa njia ya simu, na kwamba sasa anadaiwa shilingi 380,000. Asipolipa siku hiyo, jamaa zake wote watapelekewa ujumbe. Mama huyo hakumbuki mkopo wowote. Hata hivyo, kwa kuona haya, ataka kutoa shilingi 20,000 ili kuonyesha nia njema. Amwendea kwanza katibu wa chama chake, naye amwambia: "Mama, usitoe hata senti kabla hujaonyeshwa deni lenyewe."

Katibu alisema kweli. Chini ya Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, madai ya kawaida ya mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6. Mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi na kutia saini, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya. Basi shilingi 20,000 za kuondoa aibu zaweza kuwa ushahidi dhidi ya mtoaji.

Mama huyo abonyeza *106# katika simu yake, na aona kuwa kitambulisho chake cha taifa kimesajili laini asiyoijua. Akumbuka kwamba siku aliyosajili laini yake sokoni, wakala alimwambia aweke kidole mara ya pili kwa kuwa mara ya kwanza "kimegoma". Atoa taarifa kwa kampuni ya simu na polisi, kisha aandika barua ya kulikana deni.

Mfano wa pili

Mfugaji mmoja naye adaiwa deni asilolijua. Aandika barua kama yule mama. Aletewa fomu ya mkopo wa jirani yake yenye alama ya kidole chake: miaka 2 nyuma alimdhamini, akasahau. Deni ni la kweli. Lakini katika mchanganuo aona faini ambayo haimo katika mkataba. Alipa kinachostahili, akataa kilichoongezwa. Yafaa ieleweke kwamba kudai uthibitisho si kukwepa deni. Ni kutafuta ukweli, nao waweza kumwelemea yeyote kati ya wawili hao.

Hatua za kufuata

1. Asikiri, asilipe, asitie saini. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 humtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayedai.

2. Aandike tarehe, saa, namba iliyopiga na maneno yaliyosemwa. Ujumbe wa vitisho asiufute.

3. Aulize leseni. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni za mikopo zisizopokea amana hupewa leseni na Benki Kuu, na SACCOS hupewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni.

4. Apeleke barua, abaki na nakala iliyosainiwa na mpokeaji.

5. Asiporidhika na jibu la mkopeshaji mwenye leseni, apeleke malalamiko Benki Kuu. Taarifa zake zikisambazwa kwa watu wengine bila haki, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022.

6. Mali isiyowekwa dhamana haichukuliwi bila amri ya mahakama. Akija mtu kuchukua ng'ombe au pampu ya maji, aombwe hati hiyo mbele ya mtendaji wa kijiji.

7. Akipata wito wa mahakama, aende. Asiyefika aweza kuhukumiwa kwa maneno ya upande mmoja.

Mfano wa barua

"Nimepokea dai lenu la tarehe … la shilingi …. Deni hilo silitambui. Naomba mniletee kwa maandishi: (a) nakala ya mkataba, au kumbukumbu ya makubaliano na namba ya simu iliyopokea fedha, (b) mchanganuo wa mkopo, riba, faini na malipo, (c) barua ya mkopeshaji inayowaruhusu kudai kwa niaba yake, (d) namba ya leseni. Barua hii si kukiri deni."

Wajibu wa chama

Wanachama wengi hupatwa na madai haya wakiwa peke yao, na aibu huwafunga mdomo. Hapo ndipo mkopo wa kausha damu hupata nguvu. Katibu na awasaidie kuandika barua, na kamati ya mikopo imsomee kila mdhamini fomu kabla hajaweka kidole. Kila mwanachama atunze stakabadhi zake, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini malipo madogo ya "nia njema" yaweza kumdhuru asiyedaiwa?
2. Je, mtu ambaye namba yake ya simu imeandikwa tu na mkopaji, bila yeye kukubali, ni mdhamini?
3. Chama chenu huwaeleza wadhamini wajibu wao kwa lugha wanayoielewa?