PAMPU IKIKATAA KUTOA MAJI

Mkulima wa Nyangoto, miche ya nyanya haingoji fundi atoke Tarime. Pampu yako ya petroli ikinguruma bila kutoa maji, izime upesi, kwani ikizunguka kavu sili yake huungua. Kisha kagua hivi:

1. Jaza maji ndani ya pampu mpaka hewa yote itoke, halafu funga kizibo barabara.

2. Kaza viungo vya bomba la kunyonyea. Tundu dogo tu huingiza hewa, na pampu haitavuta.

3. Safisha chujio. Mto Mara ukijaa, matope na majani huliziba. Lizame lote majini.

4. Pima kimo kutoka kwenye maji hadi pampu. Kisizidi mita 6. Kiangazi mto ukishuka, sogeza pampu karibu na maji.

Injini isipowaka, angalia petroli, oili, plagi na chujio la hewa.

ONYO: Usiteremshe injini kisimani, wala usiiwashe ndani ya nyumba. Moshi wake una sumu isiyoonekana, nayo huua upesi. Mtu akianguka kisimani kwa moshi huo, usimfuate. Zima injini, ita watu, mvuteni kwa kamba.